Halmashauri ina kilima na ufukwe visivyopangiwa matumizi: tufanyeje ili viwe hifadhi ya umma yenye njia za miguu?

Mjumbe wa Mtaa (Ilemela, Mwanza)

Wanajukwaa, naomba ushauri wa wenye uzoefu wa mipango miji, misitu na utunzaji wa fukwe. Katika kata yetu kuna kilima cha miamba kinachoshuka hadi karibu na ziwa, na chini yake kuna ukanda wa mafunjo. Eneo hilo lote liko mikononi mwa halmashauri, na wazee wanasema lilitengwa wakati viwanja vya jirani vilipopimwa. Halijaandikiwa matumizi yoyote ambayo kamati yetu imeonyeshwa, ingawa wananchi hawajaacha kulitumia: wapo kina mama wanaoponda kokoto upande wa barabara, wapo wanaookota kuni, wapo wavuvi wanaopitisha mitumbwi kwenye upenyo wa mafunjo, na juu kabisa, penye uwazi kati ya mawe mawili makubwa, baadhi ya familia hufanyia matambiko yao.

Katika Kamati ya Maendeleo ya Kata yametolewa mapendekezo mawili. La kwanza ni kukata viwanja na kuvipangisha, pamoja na kumpa mwekezaji sehemu ya ufukwe kwa ajili ya hoteli. La pili, ambalo sisi wa mtaa tunaliunga mkono, ni kulifanya eneo liwe hifadhi ya umma ambamo mtu yeyote anaweza kutembea kwa njia zilizotengenezwa vizuri, kupanda hadi juu na kuona ziwa, na wanafunzi wakaja kujifunza juu ya pimbi, ndege na yule mjusi wa miambani mwenye kichwa cha waridi na mwili wa buluu ambaye hata jina lake la kisayansi, Agama mwanzae, limetokana na mji wetu. Mwanza huitwa Jiji la Miamba, lakini ukitoa Kisiwa cha Saanane, ambacho ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2013 na hufikiwa kwa boti na kwa kiingilio, mkazi wa kawaida ana sehemu chache mno za kupumzika kati ya miamba hiyo ambazo hazijajengwa.

Maswali yangu ni haya: tuanzie wapi kisheria, njia zenyewe zitengenezwe vipi kwenye mteremko mkali wa namna hii, na nani atazigharimia baada ya shamrashamra za uzinduzi kwisha?

Mpangamiji Mstaafu (Nyamagana)

Ndugu Mjumbe, swali lako ni zuri, lakini naomba kwanza tuliondoe neno linalowapotosha wengi, yaani kwamba ardhi hiyo ni "ya halmashauri". Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Halmashauri inaweza kuwa na hatimiliki ya kipande fulani kama mmiliki mwingine yeyote, au inaweza kuwa inakisimamia tu kwa sababu kwenye mchoro wa mipango miji kimepakwa rangi ya eneo la wazi. Hali hizi mbili zina matokeo tofauti kabisa. Kwa hiyo, kabla ya kuitisha mkutano mwingine, mwende kwa Afisa Mipango Miji mkaombe kuuona mchoro ulioidhinishwa pamoja na ramani ya upimaji, mkaangalie namba ya mchoro, matumizi yaliyoandikwa, na kama kuna mabadiliko ya matumizi yaliyowahi kuombwa. Msiridhike na kuambiwa kwa mdomo.

Mkikuta kwamba limeandikwa kuwa eneo la wazi, mna mahali pa kusimamia, kwa sababu kulibadili kuwa makazi au hoteli kunahitaji utaratibu wa kubadili matumizi, na katika utaratibu huo wananchi wana nafasi ya kuweka pingamizi. Mkikuta halina matumizi yoyote, basi hamna ulinzi wowote, na kazi yenu ya kwanza ni kuomba liingizwe kwenye mpango kabla hata ya kusafisha kichaka kimoja. Katika utumishi wangu niliona maeneo kadhaa ambayo wananchi waliyapanda miti na kuyaita bustani, kisha yakagawiwa kama viwanja kwa sababu kwenye karatasi hayakuwa bustani bali ardhi tupu.

Upo mlango mwingine ambao watu wa mijini huusahau. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inatambua misitu ya hifadhi ya serikali za mitaa, ambayo husimamiwa na halmashauri yenyewe kwa mpango wa usimamizi, na hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Tangazo la namna hiyo haliondolewi kwa azimio la kikao kimoja cha madiwani. Ni safari ndefu zaidi kuliko kupaka rangi mchoro, na itawahitaji Afisa Misitu na watu wa TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), lakini kwa kilima chenye uoto wa asili mimi ningeipendelea.

Kuhusu ufukwe, pendekezo la hoteli lina kikwazo ambacho ninashangaa hakikutajwa katika kikao chenu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa pale zinapoweza kuathiri hifadhi yake. Sheria ya Ardhi nayo inaitaja ardhi iliyo ndani ya mita hizo 60, ardhi oevu na miteremko mikali kuwa miongoni mwa ardhi inayoweza kutangazwa kuwa hatarishi. Ninyi mna vyote vitatu kwa pamoja. Hata hivyo, msidhani sheria hiyo inawabana wenzenu peke yao: njia ya mbao, choo, au kibanda cha mlinzi ndani ya ukanda huo navyo ni ujenzi, kwa hiyo iandikieni NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira) mapema mkajue ni tathmini ya kiwango gani itahitajika, na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria wapate nakala.

Mwanakikundi wa Kokoto

Shikamoo, Mzee Mpangamiji, na salamu kwa wote. Mimi ni mmoja wa wale kina mama waliotajwa kwa mstari mmoja katika swali, na naomba niseme upande wetu kwa kirefu kidogo, kwa sababu nimezoea kuona mipango ya namna hii ikiandikwa sisi tukiwa tunaponda mawe palepale na hakuna anayetuuliza.

Sipingi hifadhi. Ninapinga hifadhi inayoanza kwa kibao cha "Hairuhusiwi" na mgambo. Sisi Wasukuma hatukufundishwa kuhifadhi na mradi. Tuna ngitili. Eneo la malisho linafungwa mvua zinapoanza, majani yanakua, kisha kiangazi kikikaza linafunguliwa kwa utaratibu unaojulikana na kila mmoja, na anayekiuka anatozwa na wenzake. Serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga mwaka 1986, kilichorudisha miti katika maelfu kwa maelfu ya hekta hakikuwa mche wa kitalu peke yake, bali ni kuifufua ngitili, kwa kuwa mwenye kuifunga ndiye alikuwa na uhakika wa kuifungua. Sasa ninyi mnataka kufunga kilima. Nani atakifungua, lini, na kwa ajili ya nani?

Kuni zinaweza kupangwa. Matawi makavu, siku maalumu, upande maalumu, bila panga. Majani ya kuezekea na mafunjo ya mikeka vivyo hivyo. Matambiko yaachwe yalivyo, na njia ya wageni isipite pale, maana hakuna familia itakayopenda kuomba huku inapigwa picha. Wavuvi wana BMU, yaani kikundi cha kusimamia rasilimali za uvuvi, katika mwalo wao wa kushushia samaki, na upenyo wao wa mitumbwi uchorwe kwenye ramani kama barabara nyingine yoyote.

Kokoto ni jambo gumu zaidi na sitajifanya kwamba ni sawa na kuni. Jiwe likipondwa halioti. Ninajua pia kwamba uchimbaji wa mawe ya ujenzi unataka leseni na wengi wetu hatuna. Lakini mama anayelisha watoto kwa debe la kokoto haondoki kwa sababu mmemweleza uzuri wa pimbi. Kama kuna kazi katika hizo njia zenu, tuambieni ni kazi gani, ya muda gani, na italipwa na nani.

Fundi wa Njia za Mlimani

Mama, nianzie hapo ulipoishia, kwa sababu kazi ipo na ni ya mawe hasa. Nimefanya kazi ya kutengeneza na kukarabati njia za watembea kwa miguu milimani kabla ya kuhamia huku, na nimekwisha kuzunguka vilima kadhaa vya Mwanza kuona jinsi vilivyo.

Adui wa njia si miguu ya watu bali ni maji. Kilima cha mwamba wa matale hakinywi maji. Mvua ya masika ikipiga, maji yote yanateleza juu ya jiwe na kuingia kwenye udongo kidogo uliojikusanya kati ya miamba, na kama hapo ndipo mlipochonga njia, baada ya misimu michache mtakuwa na korongo. Kosa linalorudiwa kila mahali ni kufuata vijia vilivyopo, ambavyo hupanda moja kwa moja kwa sababu mtu anayebeba kuni au ndoo hutafuta umbali mfupi. Njia ya kudumu hukatiza mteremko. Kanuni tunayoitumia ni kwamba mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa kilima kwa pembeni, na kwa wastani wa njia nzima ubaki karibu na asilimia 10. Kilima kikiwa na mteremko wa asilimia 30, njia isizidi 15, na hiyo ni kwa vipande vifupi tu. Uso wa njia uinamishwe kidogo kuelekea upande wa bondeni, kiasi cha asilimia 5, ili maji yavuke njia na kuendelea na safari yake badala ya kuifanya njia kuwa mfereji. Kila baada ya umbali fulani njia ishuke kidogo kisha ipande tena, na katika kibonde hicho maji yatoke nje yenyewe bila bomba wala kalavati.

Pale ambapo mteremko hauruhusu, jengeni ngazi za mawe, na hapa ndipo wanakikundi wanapoingia. Ngazi nzuri hutaka mawe yaliyochongwa kwa mkono, mazito, yanayoingia ardhini zaidi ya yanavyoonekana juu. Kuta za kushikilia udongo hutaka mawe yaliyopangwa bila saruji ili maji yapenye. Vipande vyenye matope hutaka kokoto. Mtu aliyezoea kulisoma jiwe, akajua litapasukia wapi, hufundishika kazi hiyo kwa muda mfupi kuliko kijana aliyesomea ujenzi wa saruji. Na mawe ya kazi hiyo yatoke nje ya eneo, au kwenye lile shimo lililokwisha kuchimbwa, ambalo likisawazishwa linafaa kuwa kiwanja cha kuingilia, mahali pa kuegesha vyombo na pa kuweka choo.

Jambo moja la usalama lisipuuzwe. Mawe makubwa ya vilima vyetu mengine yamekaa juu ya mwenzake kwa kushikiliwa na jiwe dogo au udongo wa chini yake. Asitokee mtu wa kuondoa kijiwe ili kupanua njia bila mtu wa miamba kukagua, hasa pale ambapo chini kuna nyumba. Nyumba zipo chini ya vilima vyetu vingi, hilo kila mkazi wa Igogo au Mabatini analijua.

Anzeni na njia moja ya mzunguko, fupi, inayorudi ilipoanzia. Njia inayokwenda na kuishia mahali humlazimu mtu kurudi ileile, na wengi hawarudi ileile. Huchonga ya kwao.

Mjumbe wa Mtaa (Ilemela, Mwanza)

Nawashukuru sana. Mama, nakubali kwamba mlitajwa kwa mstari mmoja, na nitapeleka hoja ya ngitili kwenye kamati kwa maneno yako mwenyewe. Mzee Mpangamiji, tumeomba kuuona mchoro.

Yamebaki mawili. La kwanza ni mafunjo: vijana wanapendekeza yafyekwe sehemu ili ziwa lionekane na watu wapate pa kuogelea. La pili ni fedha za kila mwaka.

Msomaji wa Kisumu

Hamjambo majirani. Naomba msifyeke. Mafunjo huchuja udongo na uchafu unaotoka mjini kabla haujafika ziwani, na vifaranga wa sato, kambale na kamongo hujificha humo sangara asiwafikie, kwa hiyo mkiyafyeka mtakuwa mmewaingilia wavuvi wenu. Isitoshe, maji ya kina kifupi yenye majani ndipo wanapokaa konokono wa kichocho. Kuwaalika watoto waogelee hapo kwa jina la hifadhi ni jambo ambalo daktari wa wilaya angelikataa mara moja.

Hapa kwetu, Dunga, njia ya mbao ilijengwa juu ya mafunjo, na watu husafiri kutoka mbali kuja kumtazama ndege mmoja mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano ambaye haishi nje ya mafunjo. Mtembezi anafika karibu na maji bila kukanyaga maji, na waongozaji ni wenyeji wa ufukwe huohuo. Pamoja na hayo, kumbukeni Mei 2020, ziwa lilipopanda hadi kufikia kiwango kilichokuwa hakijaonekana tangu mwaka 1964. Huku kwetu fukwe zilizama, na najua huko kwenu pia. Ukingo wa ziwa si mstari uliochorwa kwa wino: mita 60 zilizopimwa wakati maji yako chini si zile zile maji yakiwa juu. Pimeni kutoka kwenye alama ya maji ya 2020, wazee wa mwalo watawaonyesha ilipofika, na sakafu ya mbao iwekwe juu ya alama hiyo, kwa vipande vinavyofungwa kwa bolti ili viweze kuinuliwa au kuondolewa.

Kuhusu umiliki, kwetu Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 62, inasema sehemu ya ardhi ya umma iko mikononi mwa serikali ya kaunti kwa udhamini wa wakazi wa kaunti hiyo, lakini msimamizi wake ni Tume ya Taifa ya Ardhi. Niseme tu kwamba kuwa na maandishi mazuri hakujawazuia watu kuyamezea mate maeneo ya ufukweni.

Mtanzania aliyeko Chicago

Nimeona neno kaunti likitajwa, nami naishi mahali ambapo kaunti imekuwa na hifadhi zake kwa zaidi ya miaka mia moja. Kaunti ya Cook, ambamo jiji la Chicago limo, ina takribani hekta 28,000 za misitu, mbuga na ardhi oevu, sawa na karibu asilimia 11 ya ardhi yake yote, na mtu huingia na kutembea bila kiingilio. Jimbo la Illinois lilipitisha sheria ya kuruhusu jambo hilo mwaka 1913, na wapigakura wa kaunti wakalikubali mwaka 1914.

Kilichonivutia ni muundo wake. Hifadhi hizo si idara ya kaunti. Ni chombo cha pekee kisheria, ingawa wajumbe wa bodi yake ni walewale wajumbe wa bodi ya kaunti, wanaoketi safari hii kwa sheria nyingine na bajeti nyingine, na fedha zake nyingi hutokana na kodi ya majengo na ardhi inayoandikwa kwa jina lake kwenye ankara. Mwananchi anaona analipia nini. Fedha hizo haziyeyuki katika mfuko mmoja na mishahara na barabara. Sidhani kwamba halmashauri zetu zinaweza kujitungia kodi ya namna hiyo, lakini kasma, yaani fungu, ya pekee ndani ya bajeti ya halmashauri inawezekana, na ndiyo ningeipigania kabla ya wafadhili.

Naunga mkono pia hoja ya mama wa kokoto kwa mfano wa hukohuko. Watu wa kujitolea walikuwa wakirudisha uoto wa asili kwa kukata miti vamizi na kuchoma majani kwa utaratibu, kazi iliyokubalika kisayansi. Mwaka 1996 majirani waliokuwa wanaona tu miti ikianguka na moshi ukipanda walilalamika hadi kazi hiyo ikasimamishwa, na vikwazo vingine vilidumu kwa miaka. Wale majirani hawakuwa wajinga. Hakuna aliyekuwa amewagongea mlango kabla ya shoka kuanza kazi.

Mpangamiji Mstaafu (Nyamagana)

Kuhusu fedha, niongeze la nyumbani. Ninapinga kiingilio kwa mtembea kwa miguu, kwa sababu siku mtakapoweka geti la kulipia, mwenye kuni na mwenye kokoto watakuwa wamefungiwa nje ya kilima chao kwa shilingi, na mtakuwa mmeazima hoja ya mwenye hoteli. Tozeni maegesho, mpiga picha wa harusi, shirika linalotaka kufanya bonanza, na kibanda cha chai kwenye lile shimo lililosawazishwa, na viwango hivyo viwekwe kwenye sheria ndogo ili makusanyo yawe halali na yakaguliwe. Kikundi cha kina mama na cha vijana waongozaji visajiliwe mapema, maana ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, hutolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa. Ila wakumbushwe kwamba ni mkopo, ingawa hauna riba, hivyo wachukue kwa ajili ya zana na kibanda, si kwa ajili ya posho.

Ukarabati wenyewe si ghali kama watu wanavyodhani ikiwa njia imechongwa kama Fundi alivyoeleza. Ni majembe, reki na watu wachache kabla ya vuli na kabla ya masika, kuzibua vile vibonde vya maji. Liingizeni jambo hili kwenye mchakato wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo wa mtaa wenu, ambao wananchi huutumia kupanga vipaumbele vyao, ili lipande hadi kwenye bajeti kama kipaumbele cha mtaa na si kama barua ya maombi.

Na mkishaonyeshwa mchoro, ombeni nakala iliyogongwa muhuri, kisha muhtasari wa mkutano mkuu wa mtaa uandikwe ukitaja namba ya mchoro huo, mipaka, upenyo wa mitumbwi, mahali pa matambiko na siku za kuni, usainiwe na Mwenyekiti na Mtendaji wa Mtaa, na nakala moja ipelekwe kwa Mkurugenzi kwa kusaini kwenye daftari la mapokezi. Diwani wenu aupate kabla ya kikao kijacho cha Kamati ya Mipango Miji, kwa sababu pendekezo la viwanja, kwa jinsi ninavyozijua kamati hizo, tayari limeshachapwa.